Mbili Juu ya Kumi

Nilimpa mke wangu mbili juu ya kumi. Watu wanne wanaamini nilimpa kwa sababu sikujua kuwa ni yeye, na mmoja wa hao wanne ni yeye mwenyewe. Nimewaacha waamini hivyo. Kosa la masikio husameheka haraka, na mimi ni mtu wa kuchagua kosa lenye nafuu.

Zaheer ana duka la sponji na vitambaa vya makochi pale Keko, alilorithi kwa baba yake, mzee Sadruddin. Mbele duka, nyuma stoo iliyojaa sponji kutoka sakafuni hadi darini. Nje mafundi wanapiga randa na misumeno ya umeme kutwa nzima, lakini ukifunga mlango wa stoo ile husikii kitu. Mzee Sadruddin aliuza sponji miaka arobaini bila kujua kuwa alikuwa na chumba bora cha kusikilizia muziki Temeke nzima. Zaheer alikigundua siku aliyoingia na redio ajilaze baada ya kula.

Basi tukawa tunakutana humo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri. Lusungu ni mwalimu wa historia, mtu wa Mbeya, na hauamini muziki ambao bibi yake asingeweza kuucheza. Margareta, karani wa mahakama, ni wa pop; kiitikio kisipofika ndani ya dakika moja anaanza kushika simu. Zaheer anapenda kila kitu, jambo ambalo kwangu ni sawa na kutopenda chochote. Mimi ni wa roki. Kazini kwangu napokea malalamiko ya watu wasiopata maji, kwa hiyo jioni nahitaji kusikia mtu mwingine akipiga kelele kwa mpangilio. Mke wangu Auleria alikuwa anakuja mara mojamoja. Alisema anakuja kupumzisha miguu kwenye sponji.

Tulikuwa na sheria, na niliitunga mimi. Nilichoka na watu wanaosifia albamu huku wanamtazama usoni aliyeileta. Kwa hiyo anayeleta anampa Zaheer flashi kwa siri wiki moja kabla. Tunasikiliza mwanzo hadi mwisho bila kuuliza ni ya nani wala nani anaimba. Kila mmoja anaandika alama kwenye karatasi, na ukitoa chini ya tano unasimama kueleza kwa mdomo wako. Tuliiita albamu isiyo na mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita niliwapelekea Kutu. Kutu ilikuwa bendi yangu enzi za ujana, tulikuwa vijana wanne wa Temeke, nyimbo nane, na hakuna redio hata moja iliyowahi kuzipiga. Pale stoo, ukimtoa Auleria, hakuna aliyejua kuwa niliwahi kushika gitaa. Wakaipa nne, nne na tatu. Lusungu akasimama akasema, "Hawa vijana wana hasira, ila hawana wimbo." Mimi mwenyewe niliandika nne na nikacheka kuliko wote. Karatasi moja tu ilikuwa na tisa, na tisa ile ilikuwa na mkia mrefu, mwandiko wa Auleria.

Tulipofika nyumbani nilimkaripia. "Usinihurumie mama Loveness. Pale stoo tunasema ukweli."

"Sikukuhurumia."

"Basi huna masikio."

Kuanzia siku ile Auleria aliamini kuwa amepata mtu mmoja duniani anayesema ukweli hata ukimuuma mwenyewe, na mtu huyo yuko naye kitanda kimoja.

Mwezi wa nane mwaka jana Zaheer akachomeka flashi, akafunga mlango. Wimbo wa kwanza ulikuwa na gitaa moja na sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka. Nikajiambia, huyu ni mtu wa bara, na anajua anachofanya. Nikaegemea sponji nisikilize vizuri. Siku ile Auleria alikuja, amekaa kwenye kona.

Wimbo wa pili, waya wa nne ukazizima.

Gitaa langu lina ugonjwa huo. Limelala chini ya kitanda miaka kumi na moja, shingo ikapinda, na ukiukandamiza waya wa nne karibu na kichwa unazizima kama nyuki. Nalijua zizimo lile kama ninavyolijua geti langu likifunguliwa. Nikasikiliza pumzi sasa. Mwimbaji alikuwa anavuta pumzi kabla ya neno la mwisho la kila mstari, kama Auleria anavyosoma Zaburi kwenye jumuiya. Nikamtazama. Alikuwa amegeukia ukutani, ananyofoa vipande vya sponji na kuvifikicha kwa vidole. Nikakumbuka Alhamisi zote alizoniambia anakwenda mazoezi ya kwaya.

Ningeweza kutabasamu pale pale. Sheria ingevunjika, wenzangu wangenizomea, tungecheka, na leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini ukaja wimbo wa tatu, na wimbo wa tatu ulinihusu. Ulikuwa juu ya mwanamume ambaye kila Jumapili anafunga mlango wa chumbani, anavuta gitaa kutoka chini ya kitanda, analifuta vumbi kwa fulana kuukuu, anakaza nyaya, kisha analirudisha bila kulipiga. Mkewe yuko nje anachambua mchele na hamuulizi kitu. Anasema atasubiri. Hakukuwa na tusi ndani ya wimbo ule, na afadhali lingekuwemo, kwa sababu tusi ningelijibu. Nilidhani mlango ule ulikuwa unafungika.

Uliofuata ulikuwa wa Kihaya. Babu yake alipiga enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, kule Bukoba, na Auleria alilidonoa gitaa langu kwa mtindo ule wa enanga, mnong'ono na mdundo kwa pamoja. Lusungu akafumba macho. Margareta akaiweka simu kwenye pochi. Albamu ilikuwa nzuri. Nasema hapa, mahali ambapo haisaidii kitu: ilikuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kupigwa kwenye stoo ile, na Kutu ilikuwa takataka mbele yake. Nilimwonea wivu mke wangu. Hata gitaa lenyewe nililionea wivu, maana mimi lilininyima kwa miaka yote hiyo na yeye likampa kwa Alhamisi chache.

Nikaandika mbili.

Zaheer akasoma karatasi. Tisa, tisa, nane, mbili. Auleria hakuandika, alisema kichwa kinamuuma. Nikasimama kama sheria yangu inavyotaka.

"Mama huyu anaimba kama mtu anayeomba ruhusa ya kukaa," nikasema. "Gitaa linapigwa na mtu ambaye hakufundishwa. Na nyimbo ni za jikoni, angeziacha huko huko jikoni."

"Braza, hivi wewe leo unasikiliza nini?" Lusungu akauliza.

"Nasikiliza ukweli, mwalimu."

Auleria akainuka, akasema anakwenda kuangalia vitambaa dukani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu tukipita kwa mafundi. Mbele ya kibanda kimoja fundi alikuwa anapaka vanishi kitanda, na hapo ndipo Auleria aliponiambia.

"Ile ya leo ilikuwa yangu, baba Loveness."

Nikasimama. Kusimama kwenyewe kulikuwa maigizo. "Yako vipi?"

"Mie ndo niliyeimba. Kuna kijana anaitwa Romani ana studio Tandale, ndo alinirekodi. Na gitaa ni lako. Hukulijua?"

"Ningelijuaje? Kwani ningejua ni wewe ningekupa mbili?"

Akatazama brashi ya yule fundi ikienda na kurudi. "Ndiyo maana nimeamini," akasema. "Ungejua, ungenihurumia."

"Pole sana mama Loveness."

"Usinipe pole. Pale tunasema ukweli."

Siku ya tatu Zaheer akanipigia simu nipite dukani. Nilimkuta anakata kitambaa, na hakuacha kukata.

"Lusungu na Margareta nimeshawaambia ile ilikuwa ya nani. Ila shemeji aliniambia maneno wakati ananipa ile flashi," akasema. "Kasema, Isack akitoa saba naitoa watu waisikie. Akitoa chini ya hapo naacha, sishiki gitaa tena. Nikamwambia mbona sie wengine tupo. Kasema nyie mnapenda watu, Isack anapenda muziki." Akaweka mkasi mezani. "Kamwambie ulikosea, braza. Mwambie ulikuwa na mafua, masikio yaliziba."

Nikaenda nikamwambia. Nilimkuta anaanika nguo, nikamwambia nimefikiri tena, albamu ilikuwa nzuri, nilikuwa nimechoka tu siku ile. Akacheka, wala hakuwa na hasira.

"Sasa si umeshajua ni yangu," akasema, akaendelea kuanika.

Hapo nikaelewa nilipojifungia. Ilibaki sentensi moja tu ambayo ingeweza kuiokoa albamu ile: nilikujua tangu wimbo wa pili. Akiisikia, angejua kuwa mbili yangu haikuwa alama ya muziki wake. Angejua pia mume wake ni mtu wa namna gani. Nilipima upande huu na upande ule, na kila nilipopima upande wangu ulikuwa mzito.

Wiki ile ile alinunua waya mpya, akalifunga gitaa, akalifuta na kulirudisha chini ya kitanda. "Nilikuwa nimeliazima," akasema. Flashi akaitia kwenye kopo la vifungo. Alimwambia Romani afute kila kitu kule studio, na Romani akafuta. Alhamisi akawa anashinda nyumbani. Zamani alikuwa anaimba akiosha vyombo, na sikuwahi kulizingatia jambo hilo mpaka vyombo vilipoanza kuoshwa kimya.

Desemba huwa tuna kikao cha mwisho, hakina karatasi wala siri. Kila mtu anataja albamu anayoipenda kuliko zote maishani mwake na kusema kwa nini. Auleria alikuja, jambo ambalo sikulitegemea. Lusungu akataja marimba zake. Margareta akataja ya binti mmoja wa Afrika Kusini aliyomlilia nayo mchumba wake wa kwanza. Zaheer akataja santuri ambayo marehemu mama yake, Fatmabai, aliipiga mpaka ikachubuka.

"Shemeji, na wewe?"

"Ile ya Kutu," Auleria akasema.

Lusungu akacheka. "Ile tuliyoipa nne? Ya wale wenye hasira?"

"Hiyo hiyo. Nilikuwaga naisikiliza hata kabla sijaolewa. Yule mpiga gitaa alikuwa anakipenda kitu kwa moyo wote. Inasikika kabisa. Sijui baadaye kilikwenda wapi." Hakunitazama hata kidogo wakati anasema hivyo.

Kwa hiyo tisa ile ilikuwa tisa kweli.

"Isack," Zaheer akasema. "Bado wewe."

Wote wakanigeukia. Sentensi ilikuwa mdomoni. Nilihisi uzito wake kwenye ulimi, nikaona na uso wa Auleria utakavyokuwa nikishaisema. Nikataja albamu ya jamaa watatu wa Birmingham waliorekodi kwenye ghala la pamba. Nikaeleza vizuri sana, ngoma, sauti, kila kitu.

"Tulijua tu," Margareta akasema.

Januari binti yetu Loveness alikuwa anarudi chuoni, akahitaji flashi ya kazi zake. Auleria alikuwa jikoni anakanda unga.

"Baba Loveness, mpe ile ya kwenye kopo la vifungo," akasema kutoka kule. "Mie mikono michafu."

Nikaitafuta chini ya vifungo, nikampa. Akaichomeka kwenye kompyuta pale mezani, akainamia kioo.

"Baba, kuna nyimbo humu. Tisa. Nizifute?"

Jikoni mikono ikaacha kukanda. Nilisikia ilivyoacha. Alikuwa anasubiri, kama yule mwanamke wa wimbo wa tatu.

"Futa," nikasema.