Pedali ya Pili

"Punguza mwendo, kaa kushoto, kanyaga klachi," Mwalimu wa udereva alikuwa akisema, kwa sauti ile ile ya tangu asubuhi, pale mvuke ulipoanza kufuka kwenye boneti. Mwanafunzi wake, mama wa makamo aliyekuwa kwenye somo la tatu, akaachia usukani kabisa. Mwalimu akakanyaga breki ya upande wake. Gari likasimama kando ya barabara.

"Nimeliharibu?" mama akauliza.

"Wala. Limejichokea lenyewe."

Lakini gari lenyewe lilikuwa na miezi tisa tu tangu litoke dukani, na dhamana ya miaka mitatu. Likavutwa kwa kamba mpaka kwa waliomuuzia Mwalimu. Fundi wao akachungulia dakika mbili: pampu ya maji inavuja. Kisha akafungua mlango wa abiria, akapiga picha chini ya dashibodi, akaenda zake.

Mezani alikuwepo karani mwenye tai. Mwalimu alimtambua mara moja. Miezi mitano nyuma alimfundisha kwenye gari hili hili, na pedali ya upande wa mwalimu ndiyo iliyomnusuru asilivae lori.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Barabara zinasemaje?"

"Nzuri tu." Akasukuma fomu, macho kwenye kompyuta. "Dhamana imekataliwa. Umefunga breki ya ziada. Ni marekebisho bila kibali."

"Pampu iko kwenye injini, pedali iko miguuni. Zimekutana wapi?"

"Mimi natumwa tu, Mwalimu."

"Mliniuzia mkijua ni gari la kufundishia. Bila pedali hiyo ofisi ya leseni inanifungia."

"Hiyo ni ofisi nyingine." Akainama, akashusha sauti. "Ungeing'oa kabla hujaja."

Mwalimu akamtazama kama alivyowatazama waliosahau kuangalia kioo. Kesi ya nyani ameipeleka kwa ngedere, basi. Akaisoma fomu mpaka chini: mteja anakiri kwamba hitilafu imetokana na marekebisho yake.

"Hapa sisaini."

"Bila sahihi gari halitoki getini."

Akavuta kiti, akaketi. Nyuma yake foleni ikakua, mtu akakohoa. Mwisho akaomba kalamu, akakata ule mstari kwa utulivu, juu yake akaandika: *Pampu imevuja yenyewe*, ndipo akasaini. Karani akatupia jicho mlango wa meneja. Akapiga muhuri haraka, bila kuinua uso.

Gari likavutwa tena, safari hii mpaka gereji ya uchochoroni, kwa fundi waliyemwita Grisi, yule aliyeifunga pedali. Akainua boneti, akapapasa pampu, akarudisha mkono.

"Dada Mwalimu, nikilegeza nati moja tu hapa, hao waliokuuzia hawakupokei tena. Hata taa ikifa, watasema ni mimi. Kawabane kwanza."

"Nimetoka huko."

"Kata rufaa, basi."

"Wanasema jibu ni baada ya siku tisini."

Grisi akafuta mikono kwenye suruali. Hakuwa na haraka, na hakutaka lawama.

"Una uhakika?"

"Mwanafunzi wa kwanza anakuja kesho saa moja," Mwalimu akasema, akimpa spana. "Fungua."