Ziwa na Vyote Vilivyomo

Jumanne ile Olwen Prydderch, mtumishi wa jumba la Plas Rhosgell, alioka mkate wa zabibu kavu ambao hakuna aliyekusudia kuula. Dalali ndiye aliyeagiza. Gethin Bebb, dalali wa majumba kutoka mji wa Dolgellau, Wales, alikuwa na imani moja tu maishani: mnunuzi akipokewa mlangoni na harufu ya mkate, hatatazama dari. Na dari za Plas Rhosgell zilikuwa za kutotazamwa kabisa. Vyumba arobaini na viwili, ngazi ya mwaloni, ekari mia tatu za malisho na msitu, ziwa la ekari tisa mbele ya madirisha, na huko juu ndoo kumi na saba za kukinga mvua. Olwen ndiye aliyezimwaga ndoo hizo kila asubuhi. Alianza kazi hiyo zilipokuwa mbili.

Saa nne na dakika kumi, wanunuzi wa kwanza wakiwa sebuleni wakisifia mandhari, nyumba ikatoka ziwani. Ilikuwa nyumba ndogo ya mawe na udongo, mlango mmoja, dirisha moja, paa la nyasi linalochuruzika. Ilipanda taratibu, ikatulia karibu na ukingo, ikaanza kutoa moshi. Mwanamke akatoka ndani yake, akaanika shuka.

"Na ile?" akauliza mke wa mnunuzi.

Gethin akapekua kijitabu chake cha mauzo. "Nyumba ya nje," akasema. "Iko katika hali yake ya asili."

"Ina pa kuegesha gari?"

"Hilo linazungumzika."

Pale Rhosgell kila mtu alijua ziwani kuna nini. Miaka mia mbili na ushee iliyopita palikuwa na kijiji. Desturi ya Wales ilikuwa hivi: asiye na ardhi akiweza kujenga nyumba kwenye ardhi ya wote kati ya jua kuzama na jua kuchomoza, na asubuhi ikakuta moshi unatoka bombani, basi nyumba ni yake na hakuna wa kumng'oa. Kisha husimama kizingitini akarusha shoka, na pale litakapoangukia ndipo mpaka wa shamba lake. Nyumba kumi na nne zilijengwa kwa njia hiyo. Halafu babu wa babu yake Sir Lionel, mwenye jumba wa sasa, akachoka kula kifungua kinywa huku anatazama nguo za watu zilizoanikwa. Akaenda London, akarudi na karatasi inayosema ardhi ya wote ni yake peke yake, akaziba mto ili pawe ziwa. Watu walipewa wiki mbili. Wengine waliondoka. Wengine walisema hawaondoki, na kweli hawakuondoka.

Olwen mwenyewe alikaa katika nyumba ya getini, vyumba viwili na jiko. Alizaliwa humo, baba yake Ifan akiwa mlinzi wa geti, na sasa alikuwa na miaka sitini na minane. Mama yake Sir Lionel, siku moja kabla hajafa, alimwambia jikoni, "Olwen, ile nyumba ni yako mpaka mwisho wako." Olwen akasema ahsante, akammiminia chai nyingine. Kwa watu wa bonde lile, kumwomba karatasi mtu aliyekwisha kukupa neno lake ni sawa na kumwita mwongo kwenye meza yake mwenyewe. Basi hakuomba. Nani angeomba?

Wanunuzi walipoondoka, yule mwanamke wa ziwani akaja mlango wa nyuma. Alijipangusa miguu kwa muda mrefu, lakini haikusaidia, maana maji yalikuwa yakimtoka kwenye pindo la sketi bila kukoma.

"Mimi Marged Siôn," akasema. "Nimesikia panauzwa, nikasema nije nitazame nami. Wewe wa nani?"

"Wa Ifan wa getini."

"Ifan wa ukoo upi?"

"Wa Tomos Pua."

"Aa! Ndiyo maana. Nimeingia tu nikasema, pua hii naijua." Marged akaketi. "Tomos huyo alikimbia maji yakiwa kwenye vifundo tu. Vifundo, mtoto wewe! Hatujamsahau."

"Karibu chai," akasema Olwen.

Marged alizungushwa nyumba nzima, Olwen nyuma yake akipiga deki. Hakusifia kitu. Alipofunguliwa chumba cha viatu alisimama akakitazama kwa makini.

"Viatu vyao vina chumba?"

"Vina dirisha pia."

"Haya." Akafunga mlango. "Na wewe, wakishauza, unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nilipewa neno."

Marged akacheka mpaka akatema samaki mdogo, akamtia mfukoni mwa aproni. "Sisi tulikuwa na moshi, tukagharikishwa. Wewe una neno! Lo! Nenda kamuulize Bwana wako leo leo, kabla neno halijapata kutu."

Sir Lionel alikuwa maktabani, akiwafunga katika magazeti ndege waliokaushwa wa babu yake. Alikuwa mzee mpole, asiyependa ugomvi, na watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa.

"Mama alisema mengi sana mwishoni, Olwen," akasema. "Mimi aliniachia mtumbwi ambao hatukuwahi kuwa nao."

"Mimi aliniachia nyumba iliyopo, Bwana. Nimelala humo jana."

"Ndiyo, ndiyo. Ongea na Gethin." Akamfunga bundi kichwa. "Umekuwa kama ndugu kwetu, unajua hilo."

Olwen alijua. Alitoka humo amefura kwa hasira, akamwaga ndoo zote kumi na saba ingawa nane zilikuwa tupu.

Kila siku ya wanunuzi nyumba nyingine ilitoka. Ijumaa zikawa nne. Wiki ya pili zilikuwa tisa, na nguruwe, na mzee mmoja aliyekaa kizingitini akiwapigia miluzi wanawake wenye suruali. Wanunuzi wengi hawakurudi, si kwa ajili ya wafu, bali kwa sababu mtandao wa simu haukushika ghorofani. Aliyerudi ni Bwana Clive Astbury wa Cheshire, aliyetajirika kwa kuuza vibanda vya bustani. Yeye alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akazihesabu nyumba mara mbili.

"Zina maji?" akauliza.

"Kwa wingi," akasema Gethin.

"Na hawa wakaaji?"

Gethin akamwonyesha ukurasa wa sita wa kijitabu. Pale paliandikwa, kwa lugha ileile ya karatasi ya London: ziwa na vyote vilivyomo. Bwana Astbury akasoma kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, amefurahi.

Jioni hiyo Marged alikuja getini na shoka lililoota ukungu wa ziwani. "La marehemu mume wangu," akasema. "Yaani, na mimi ni marehemu, lakini yeye alitangulia. Asubuhi washa moto wako. Moshi ukitoka, simama mlangoni urushe. Sheria ni sheria."

"Mimi nina bega bovu, Bi Marged."

"Bega la kupigia deki vyumba arobaini na viwili? Wacha utani."

Basi kulipopambazuka Olwen akawasha moto. Wafu walikuja kushuhudia, wakapanga foleni kando ya barabara, kila mmoja na dimbwi lake. Gethin alikuwapo kwa bahati, amekuja kupima geti. Moshi ukatoka bombani, jua likachungulia mlimani, na Olwen, akiwa na sweta yake ya kazini, akalirusha shoka kwa mkono wa bega bovu.

Shoka lilipita juu ya bustani. Likapita juu ya ziwa, juu ya paa la Plas Rhosgell na ndoo zake, likaruka msitu wa mialoni na malisho, ekari zote mia tatu, likaendelea. Wafu walilifuata kwa macho mpaka likawa kama inzi.

"Mh," akasema Marged. "Mpe Tomos Pua haki yake, mkono upo."

Shoka lilirudi Alhamisi kwa posta. Lilikuwa limeangukia bustani ya mwalimu mmoja mstaafu kule Abermaw, pwani, katikati ya kabeji, na alikuwa mtu muungwana, akaambatanisha barua kueleza saa na mahali. Olwen aliichukua barua ile na shoka akaenda ofisini kwa Gethin. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na karatasi.

"Mpaka wangu ni kabeji za Abermaw," akasema. "Nyumba ya getini imo ndani. Hata hii ofisi yako imo, lakini sina haja nayo."

Gethin akaisoma barua mara mbili. Hakuwa na shaka hata kidogo. "Ni mbali sana," akasema kwa heshima. "Sijapata kuona rusho la namna hii, Shangazi Olwen. Nikupige picha? Nyuma ya geti, na shoka hivi, begani."

"Picha ya nini?"

"Ya kijitabu. Desturi hai ya mahali! Watu wanalipia kitu kama hiki."

Na walilipia. Bei ya Plas Rhosgell ilipanda, Bwana Astbury akaitoa siku hiyohiyo, Sir Lionel akaondoka na ndege wake. Olwen alipata barua yake ya pili: mwezi mmoja wa kuhama, pamoja na shukrani za dhati. Aliisoma mezani, akaisoma tena, akalia kwa sauti kama mtoto, na Marged akalia naye, ingawa kwa Marged haikuonekana tofauti.

Mwaka huu nyumba zote kumi na nne zinakodishwa kwa wageni wa mapumziko, kila moja na bafu lake. Wafu wameombwa wazame kila Ijumaa saa tisa alasiri na wasitoke mpaka Jumatatu. Walikubali bila makelele, maana wana uzoefu. Nyumba ya getini nayo inakodishwa, na ndiyo inayopendwa kuliko zote. Olwen amepanga chumba Dolgellau, juu ya duka la samaki. Jumamosi huja na basi la asubuhi, hurusha shoka saa tano wageni wakipiga makofi, kisha husafisha.

Juzi familia moja kutoka Birmingham, waliokodi nyumba ya getini, iliandika maoni mtandaoni. Wamesifu utulivu, shuka safi, jiko linalowaka vizuri. Wametoa nyota nne badala ya tano. Wanasema Jumamosi walirudi mapema kutoka matembezini, wakamkuta bibi wa usafi ameketi karibu na moto, amevua viatu, kama yuko kwake.