Mipeasi ya Dominiko

Mimi Magdalena sipendi mgeni anayekula mahindi yangu halafu maswali yote anamuuliza mume wangu. Ndivyo alivyofanya Dominiko, kijana wa chuo cha kilimo kule Morogoro mjini, aliyekuja kwetu Mgeta mwaka ule wa Operesheni Vijiji. Alikuwa anasomea digrii ya pili, uchumi wa maliasili, na alitaka kujua kwa nini hatupandi miti wakati kila masika mvua inatuzolea udongo. Kila mwanamume alimjibu, "Tutapanda mwakani, ndugu." Basi yeye akaamua kwamba waume zetu ni wavivu. Laurenti wangu, mvivu? Nilinuna wiki nzima.

Jumapili moja, sisi tukiwa misani, Dominiko akachimba mashimo shambani kwangu, akapanda mipeasi ili iwe mfano. Tuliporudi, mjomba wangu, mkuu wa ukoo, nusura adondoshe bakora. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na anayepanda mti anapata haki ya pale uliposimama. Ndiyo maana mume hapandi mti kwenye shamba la mkewe.

"Huyu katunyang'anya shamba," mjomba akasema. "Afungashe leo hii."

Dominiko alikaa chini, mikono imejaa udongo. "Mama, nikifukuzwa hapa, digrii yangu ndiyo basi tena."

Hasira zikaniishia, nikamwonea huruma kama mwanangu. Nikavua viatu vya kanisani, nikajifunga kitenge kiunoni. Nikang'oa mche wa kwanza, nikaurudisha kwenye shimo lile lile kwa mkono wangu, nikashindilia. Wa pili vivyo hivyo.

"Mjomba, nani kapanda?"

Mjomba akautazama mche, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakohoa. "Umepanda wewe."

"Kumbe nilitakiwa nikuulize wewe, mama," Dominiko akasema.

"Tangu hindi la kwanza."

Ulipobaki mche mmoja nikamwita Laurenti. Miaka yote analima shamba hili, hana hata mti mmoja wa kuuita wake. Nikamtupia jicho mjomba. Akageuka kuangalia mlima, kana kwamba hajaona kitu. Laurenti aliupanda polepole, kisha akabaki amechuchumaa pale, kashika shina lake. Moyo wangu ulifurahi jamani.

Dominiko alikuwa ameshatoa kalamu. "Mama, hili niliandikeje?"

"Andika kwamba waume zetu si wavivu."