Vibete wa Kizingiti

Kwa miaka minne nimesema, na kila aliyewahi kukaa kwenye meza yangu amenisikia, kwamba kibete ni kibete: ndevu, shoka na hasira za karibu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yeye anaona koo za vibete hazitoshi. Tulipoandika kitabu cha mchezo wetu alileta koo kumi na sita: vibete wa moshi, wa kinamasi, wa barafu, hata vibete wanaoishi visimani na kuogopa maji. Nikamwambia hakuna mchezaji atakayewachagua. Akanijibu kwamba si lazima wachaguliwe, inatosha wawepo. Hoja za namna hiyo hunipandisha presha.

Mchezo wenyewe ni wa mezani. Mmoja anasimulia safari, wengine wanajibu kila mtu kwa sauti ya mhusika wake, na pale panapohitaji bahati, dadu inaamua. Msimuliaji ni mimi. Tunacheza Jumamosi mchana nyuma ya duka langu la kutengeneza saa, tumezungukwa na saa za ukutani ambazo wenyewe wamezisahau.

Mwaka huu nakala zikaisha, tukaamua kuchapa upya na kuongeza ramani. Kitabu huenda kwa kurasa nne nne, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa katikati ni kurasa nne. Ukitaka kuingiza ramani, lazima kitu kingine kitoke. Sikufikiri mara mbili. Nikachagua ukurasa wa mwisho kabisa, Vibete wa Kizingiti, ukoo wa kumi na saba, ambao hakuna mtu aliyewahi kuucheza.

"Samahani, shem," nikamwambia. "Huu wako unatoka."

"Wangu? Si uliuandika wewe? Nilidhani umeniiga ukaona aibu kusema."

"Mimi niandike kibete wa kumi na saba?"

Tukatazamana. Miaka minne yote kila mmoja alikuwa amemeza maneno kwa heshima ya ushemeji. Kati ya wengine waliokishika kitabu kile kabla hakijatoka, tuliyemjua ni mmoja tu, Mama Gundi, anayejalidi vitabu pale tulipochapisha.

Nilimkuta mezani kwake akikunja karatasi na kupitisha juu ya kila mkunjo kipande cha mfupa kilicholainika kwa miaka mingi ya kazi. Kazi yangu ni vitu vidogo, na mkono mzuri naujua nikiuona. Alikuwa hata hatazami, lakini pembe zilikutana kila mara. Nikamuuliza ni nani aliyeuandika ukurasa wa mwisho.

"Ni mimi, fundi," akasema bila kuzunguka. "Kitabu chenu kilifika na kurasa sitini na tatu. Ukurasa mtupu mwishoni unanikera. Na nilikuwa nimeshawasoma vibete wenu wote nikikunja nakala ya majaribio, basi nikaandika wa kwangu, nikamwomba mpangaji wa kurasa auweke. Nilijua mtaniuliza. Hamkuuliza."

"Tunataka kuutoa. Tuweke ramani."

"Toeni tu. Ulikuwa wa kuzibia nafasi."

Karatasi iliyokuwa mkononi mwake ikakunjika upande. Akaiweka kando, akachukua nyingine. Nayo ikaenda upande.

Nikaomba nakala, nikausoma ukurasa ule nikiwa nimesimama palepale, na nakiri ilikuwa mara ya kwanza kuusoma mpaka mwisho. Vibete wa Kizingiti huchonga mawe ya milangoni, hawana kazi nyingine. Kibete wa ukoo huu akipapasa jiwe lilivyolika, anajua ni wangapi wamepita, nani alikuwa na mzigo, na kama wote walioingia walitoka. Ila yeye mwenyewe haingii kokote mpaka aliye ndani amkaribishe, hata kama mvua inamnyeshea.

Nimebuni mapango arobaini, na mlango kwangu umekuwa kitu cha kuvunja kwa shoka basi. Mama huyu, kwa ukurasa mmoja wa kuzibia nafasi, alikuwa ameipa hadithi milango yangu yote. Wivu ulinishika, sifichi. Ulipopoa nikabaki namstaajabia tu. Shemeji alikuwa amesema kweli muda wote, na hilo nalo liliniuma kidogo.

"Huu hautoki," nikasema. "Utatoka utangulizi wangu."

"Ule unaosema mchezo huu una nafasi ya kila mtu?"

"Huohuo."

"Ulikuwa mrefu," akasema, na mkunjo uliofuata ukakaa sawa.

"Mhusika wako ni yupi unapocheza?"

"Sijawahi kucheza, fundi. Mimi nakunja."

Nikaona haya. Nikamwambia Jumamosi, saa nane, aje dukani.

Alikuja saa nane kasoro dakika tano, akakaa pembeni ya meza na mikono mapajani, Kibete wa Kizingiti wa kwanza tangu kitabu kichapwe. Nikawasimulia nyumba ya joka, mlango wazi, giza ndani. Shemeji, aliyekuwa akicheza kibete wa kinamasi, akainua shoka lake tayari kukimbilia ndani.

"Ngoja," akasema Mama Gundi. "Napapasa jiwe."

Akarusha dadu, ikamkubalia. Nikamwambia alichokigundua: kumi na wawili waliingia, aliyetoka ni mmoja, na alitoka akikimbia. Shemeji akashusha shoka taratibu.

"Basi twende kwa kunyata," akasema. "Mama Gundi, tangulia. Wewe ndiye unayejua njia."

"Siwezi. Mpaka wa ndani anikaribishe."

Ndani alikuwemo joka peke yake, na sauti ya joka ni yangu. Kanuni inataka nirushe dadu kujua kama atakubali. Sikuirusha.

"Karibu ndani, mama," nikasema. "Tumekuacha mlangoni miaka minne."