Tufe Mbili kwenye Kamba Moja

Somo hili ndilo lingeamua kama Madamu atapata cheti cha ualimu au atarudi chuoni kuanza upya. Mkufunzi wake alikwisha kuketi nyuma ya darasa, kalamu mkononi, uso mkavu kama chaki.

Madamu alifunga kamba toka dirisha hadi dirisha, akaning'iniza tufe mbili za michezo, moja huku, nyingine kule. Alitaka wanafunzi waone kwamba hazisogei. Kila kitu huvuta kingine, angewaambia, ila mvuto wa vitu vidogo hauonekani kwa macho. Labda viwe vikubwa kama dunia na mwezi.

Tufe zikasogea.

Zilijongeleana polepole mpaka zikagusana. Darasa likalipuka kwa makofi.

"Zinapendana hizo, Madamu! Zifungishwe ndoa!"

Madamu akaduwaa. Haiwezekani. Kule nyuma mkufunzi aliitikia kwa kichwa, akaandika. Angenyamaza tu, angepita.

"Huo si mvuto wa tufe," akasema. "Sijui ni nini, lakini si huo."

"Ni kamba," alisema binti wa dawati la mbele, waliyemwita Wakili kwa ubishi wake. "Imelegea katikati. Hata nguo zetu nyumbani hujikusanya hivyo hivyo."

Kicheko. Madamu naye akacheka, masikio yakimwaka kwa aibu. Wakili hakucheka.

"Sasa dunia na mwezi vimeangikwa kwenye kamba gani?"

"Hakuna kamba."

"Basi kuna hewa."

"Hewa haifiki huko. Ni patupu."

"Patupu, na mwezi unavutwa? Unashikwa wapi, Madamu?"

Kuikokotoa nguvu hiyo alijua, hata umwamshe usingizini. Chuoni waliambiwa pia kwamba nafasi yenyewe, hata ikiwa tupu, hupinda palipo na kitu kizito. Aliandika hivyo kwenye mtihani, akafaulu, wala hakuelewa mahali patupu hupindaje.

"Sijui," akasema tena, safari hii karibu kulia.

Kengele ikalia. Wanafunzi walipotoka, mkufunzi akamfuata ubaoni.

"Umepita. Kamba niliiona imelegea tangu unaifunga. Ungewaacha waamini uongo ule, ningekuangusha."

"Asante, mwalimu." Madamu akasitasita. "Lakini… patupu hupindaje?"

Mkufunzi akakuna kidevu, akatazama tufe, akatazama dari.

"Mwanangu," akasema, akikwapua mkoba wake, "chai itapoa."