Mezani kwa Bwana Ismail

Ulfat alikaa kitako juu ya kitanda, akaikunja sura kama bosi, akauliza, "Haya, bibi. Kwa nini tukuajiri wewe, tuwaache wengine?"

Ummkulthum alitazama vidole vyake. "Kwa sababu nnaipenda kazi ya kupokea wageni."

"Khaa! Nani asiyeipenda? Jisifu, shoga! Sema wewe ndiye wewe."

Hilo ndilo lililomkirihisha tangu Ulfat, binamu yake, aanze kumfanyisha mazoezi ya usaili. Kujisifu mbele za watu alikuona sawa na kujipaka mchuzi usoni. Lakini alikuwa na stashahada ya hoteli, na mwaka wa pili huu anashinda nyumbani Mkunazini akimsaidia shangazi yake, Bi Mwatum, kukunja sambusa za kuuza. Kazi ya mapokezi katika hoteli ile ya Shangani aliitaka kweli. Basi akajifunza kujisifu, kinyaa chake akakimeza.

Siku ya usaili alifanya vizuri kuliko alivyojidhania. Nje, alipokuwa akingoja, alikaa karibu na msichana aitwaye Wanu, naye wa mapokezi. Wakapeana namba za simu na dua. Ndani, aliulizwa atamwambia nini mgeni aliyekuta chumba chake kimepewa mtu mwengine. Alijibu kwa Kiingereza, akaongeza Kitaliano kidogo. Meneja, Bwana Ismail, alimsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni.

"Utasikia kutoka kwetu," alimwambia.

Hakusikia. Chuoni walifundishwa kumwandikia mwajiri barua pepe fupi ya shukrani; akaiandika, haikujibiwa. Akapiga simu, akaambiwa bwana yuko kikaoni. Akapiga tena wiki ya pili, na kikao hakijesha.

"Barua pepe!" Bi Mwatum alibeua midomo. "Barua pepe inaliwa? Mtu hufuatwa kwake, mwanangu, na hafuatwi mikono mitupu. Nyumba yake nnaijua, ipo hapo mtaa wa Malindi. Ntapika boko boko, umpelekee mkewe, Bi Mwanakheri."

"Shangazi, hiyo si rushwa?"

"Astaghfirullah! Rushwa pesa. Chakula ujirani."

"Sisi si majirani zake."

"Basi ndiyo unakwenda kuanza."

Ngano na nyama zilipikwa tangu alfajiri, zikapondwa mpaka zikawa kitu kimoja laini, zikamiminiwa samli na kunyunyiziwa vitunguu vya kukaanga. Ummkulthum aliikumbatia hotpoti chini ya mtandio, akapita vichochoroni kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

Mlango ulifunguliwa na mke wa meneja, Bi Mwanakheri, mwanamke mwenye macho ya kuchoka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Na wewe wa usaili?" Hakungoja jibu. "Pandisha juu, uweke mezani na wenzio."

Wenzio wenyewe walikuwa vyombo. Meza nzima ilijaa. Keki iliyoandikwa jina la Bwana Ismail kwa krimu ya buluu ilikuwa imeliwa upande mmoja, jina limebaki nusu. Visheti vilitambaliwa na sisimizi. Biriani ilikuwa imefanya utando, na nzi wametulia juu yake kama waalikwa. Kila chombo kilibandikwa kikaratasi: Bakar, udereva; Junaid, jikoni; Wanu, mapokezi. Harufu ya vyakula vilivyochacha ilimpanda Ummkulthum puani mpaka macho yakamtoka machozi.

"Vyote hivi, Bi Mwanakheri?"

"Hivi vya wiki hii. Mie nshachoka kumwaga. Paka wa mtaa mzima wananijua." Kisha akashusha sauti. "Na kama unataka mapokezi, mwanangu, usijisumbue. Bwana keshamweka mtoto wa dada yake. Sare kashonewa hata hamjaitwa."

Hapo akatoka Bwana Ismail, kikoi kiunoni, usingizi bado usoni. "Aa! Bibi wa Kitaliano!"

Aliizunguka meza kama mtu anayekagua shamba lake. Alimega katlesi, akaitafuna, nusu iliyobaki akairudisha sahanini. Akachokonoa jino kwa ukucha wa kidole kidogo, kisha kidole kile kile akakitia katika biriani, akakilamba.

"Bwana Ismail," Ummkulthum alisema, "ile nafasi ya mapokezi, ishapata mtu?"

"Bado tunachambua. Wewe endelea kufuatilia tu. Mtu anayefuatilia ndiye tunayemtaka." Kidole kikaja upande wa hotpoti. "Na wewe umetuletea nini?"

Kwao, chakula kikishapelekwa hakirudi; kukirudisha ni kumtukana mwenye nyumba mchana kweupe. Ummkulthum alilijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo aliivuta hotpoti, akaikumbatia kifuani.

"Samahani," alisema. "Nimekosea nyumba."

"Umekosea vipi, nawe umeniita kwa jina langu?"

Aliteremka ngazi, uso ukimwaka. Nyuma yake alimsikia Bi Mwanakheri akicheka kwa kwikwi: "Mwache, bwana! Mtoto kakosea nyumba huyo!"

Alipofika nje aliegemea ukuta, akatema mate mtaroni, yeye ambaye hajapata kutema mate njiani.

"Hawakuwepo?" Bi Mwatum aliuliza alipoiona hotpoti.

"Walikuwepo. Nimekirudisha mie."

"Umerudisha chakula? Ummkulthum! Watu watasemaje?"

Akamweleza yote, sisimizi, keki, mpwa na sare yake. Bi Mwatum alisikiliza akiwa ameshika tama, hasira imemjaa, mpaka aliposikia la biriani.

"Ukucha?"

"Ukucha, shangazi."

"Wa kuchokonolea meno?"

"Huo huo."

Bi Mwatum aliichukua hotpoti. "Mwana haramu," akasema. "Na samli yangu ile ya Pemba!" Akaenda kutafuta sahani.

Ummkulthum hakuweza kula. Aliiandikia hoteli mistari miwili, kwamba ameliondoa jina lake. Kidole kilisita juu ya simu, maana hakuwa na pengine pa kwenda kesho ila kwenye sambusa zile zile. Akatuma. Kisha akampigia Wanu, akamweleza alichokiona.

Nyuma ya Wanu ulisikika mchi ukitwanga.

"Lakini mama keshamchinja kuku," akasema Wanu, kwa sauti ya kulia. "Wa leo, wa kumpelekea."

"Basi mleni nyinyi," alisema Ummkulthum.