Mtakatifu Antonio Miguu Juu

Ni mimi niliyemgeuza Mtakatifu Antonio kichwa chini, na wala sijuti. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, mlinzi wa ukumbi wa tatu katika makumbusho ya sanaa hapa Puebla, na mwanamume hata wa kusingiziwa sina. Wenzangu huwageuza Antonio wao wa plasta jikoni hadi mchumba apatikane. Wangu ni sanamu ya mbao ya ukumbini mwangu, ana miaka mia tatu, na bima anayo. Nikitaka kitu nataka kizuri.

Asubuhi Mkurugenzi, Dakta Eréndira, alipomwona akafura. Kabla hajanifokea akaingia mwandishi wa gazeti, akadhani ni sanaa ya kisasa, akatokwa machozi: "Ujasiri ulioje!"

"Wazo langu hilo," akasema Mkurugenzi. Jumamosi foleni ilifika mtaani.

Antonio naye hakulala. Wiki ya pili tu Nicanor, mtengeneza fremu wetu, akaniletea tamale, mikate ya mahindi ya kuchemshwa ndani ya majani, na akaniposa. Sasa, kila mwanamke anajua: ukishapata mchumba, unamsimamisha Antonio, la sivyo anakunyang'anya. Nikamwendea Mkurugenzi.

"Mama, tumsimamishe mzee wa watu, damu imemjaa kichwani."

"Ukimgusa, Domitila, huna kazi."

Jumapili mbili Nicanor hakuja. Mara mafua, mara mbao zimechelewa. Looh! Niliumia, sitaki kusema uongo. Nililia chooni kama mtoto. Kazi ndiyo itanishika mkono uzeeni? Jumanne, wageni wamejaa, mwandishi yule naye yumo, nikavuka kamba nikambeba Antonio.

"Domitila! Mwache!" Mkurugenzi alikuja mbio hadi kiatu kimoja kikamtoka.

Nilipomsimamisha, kikaratasi kikadondoka kutoka kwenye nyayo zake. Mwandiko ni ule ule wa barua za onyo ninazoandikiwa na Mkurugenzi: "Nipatie mume, hata akiwa mhasibu."

Akaiva uso kama pilipili. Mimi hasira zote zikaniisha. Kumbe na madakta hurudi nyumbani kula peke yao.

"Tangu lini?" nikamnong'oneza.

"Siku ya pili."

"Sasa mwenzangu, unadandia ombi la mtu! Angekusikiaje, na langu lilikuwa halijafungwa?" Nikampa Antonio dakika moja apumue. "Haya, anza upya. Mshike kiunoni, mzito huyo."

Akavua kiatu cha pili, akamgeuza mwenyewe mbele za watu. Wageni wakapiga makofi, mwandishi akalia tena.

Saa kumi na moja nilimkuta Nicanor langoni, eti mafua yamepona. Nilimtukana kwanza, kisha nikamshika mkono.